Death on the Nile: Poirot Alienda Likizo Misri, Akaamkia Maiti Melini

Kuna wasee hawajaandikiwa likizo, na Hercule Poirot anaongoza hiyo listi. Jamaa anakimbia baridi ya London, anashuka Aswan huko kusini mwa Misri akitaka jua na amani tu. Siku chache baadaye, asubuhi, mlango wa chumba chake melini unabishwa. Manzi tajiri kuliko wote kwenye hiyo safari amepigwa risasi ya kichwa akiwa amelala. Meli iko katikati ya Nile. Muuaji bado yuko ndani.

Hiyo ndiyo Death on the Nile ya Agatha Christie. Kama uliona ile muvi ya 2022 ukabaki na maswali, au hujawahi kuigusa na unashangaa kwa nini watu bado wanaibonga karibu miaka 90 baadaye, anzia hapa. Mtama tutaumwaga wote, lakini tutakuonya kabla.

Na kuna kitu tunataka uangalie ukisoma. Swali la nani aliua, Poirot analimaliza. Kuna lingine linalobaki: kama kila mtu kwenye hiyo likizo aliona ngori ikija, mbona hakuna aliyeizuia?

KWA UFUPI

- Mwandishi: Agatha Christie, Mwingereza, 1890 hadi 1976
- Kitabu kilitoka: Novemba 1937, Uingereza
- Mpelelezi: Hercule Poirot, Mbelgiji, polisi mstaafu, masharubu yamenyooshwa kama sindano
- Msaidizi wake: Kanali Race, mtu wa ujasusi wa Uingereza
- Mahali: hoteli ya Cataract mjini Aswan, halafu meli ya watalii inayoitwa Karnak
- Wanaouawa kabla kesi kuisha: 3
- Muvi na TV: 1978, 2004 na 2022

STORI INAANZAJE?

Linnet Ridgeway ana kila kitu. Ana ujana, ana sura, na ana urithi wa doo ambayo hata hajui aifanyie nini, kwa hivyo amenunua jumba huko mashambani Uingereza na anaitengeneza upya. Besti yake wa kitambo ni Jacqueline de Bellefort, anaitwa Jackie. Familia ya Jackie iliwahi kuwa na pesa, zikaisha. Kilichobaki ni jina refu la Kifaransa.

Siku moja Jackie anamkujia Linnet na ombi. Ana mchumba, Simon Doyle, jamaa handisamu lakini hana kazi. Si Linnet amwajiri asimamie hilo shamba lake, ndio wapate kuoana? Linnet anasema sawa, mlete nimwone.

Akamwona kweli. Miezi michache baadaye, aliyeolewa na Simon ni Linnet.

Sasa maharusi wanaenda fungate Misri. Na kila wanapofika, Jackie yuko. Wakiingia hotelini, yuko pale kwenye viti vya veranda. Wakienda kutembea, anatokea. Hatusi, hapigi mtu, hajavunja sheria yoyote. Hoteli ni ya yeyote mwenye pesa ya chumba. Anakaa tu, anawaangalia, anacheka.

Watalii wengine nao wanafanya nini? Wanatazama. Ndio udaku wa msimu. Kila meza ina toleo lake la hiyo stori. Wengine wanamhurumia Jackie, wengine wanaona amerukwa na akili, lakini hakuna anayetaka ikome. Likizo imenoga.

POIROT ANAJARIBU KUZUIA

Hapa ndipo kitabu kinakuwa tofauti na kesi nyingi za Poirot. Kawaida yeye huitwa mtu akishakufa. Safari hii anaiona mapema.

Kwanza, aliwahi kuwaona Jackie na Simon kwenye mkahawa London kabla haya yote hayajaanza. Alichogundua ni kwamba yule dem anapenda kupita kiasi, na kwamba kupenda hivyo ni hatari.

Pili, pale Aswan, Linnet mwenyewe anamfuata akitaka kumlipa amfukuze Jackie. Poirot anakataa hiyo pesa. Badala yake anamkumbusha ile hadithi ya Biblia ya nabii Nathani na Mfalme Daudi: tajiri mwenye mifugo tele aliyechukua kondoo mmoja tu aliyekuwa nao maskini. Linnet anakasirika, kwa sababu inamgusa. Kinachomsumbua kwa Jackie si woga pekee. Ni dhamira yake.

Tatu, Poirot anaenda kubonga na Jackie mwenyewe, bure, kama binadamu. Anamsihi aachane na hiyo kitu, arudi nyumbani, azike yaliyopita kabla moyo wake haujazoea uovu. Jackie anamsikiliza vizuri. Halafu anatoa kwa mkoba bastola ndogo, ya kike, na kumwambia jinsi angependa kuiweka karibu na kichwa cha Linnet.

Poirot angefanya nini? Hapo si Ubelgiji alikokuwa polisi. Hana kitambulisho cha kazi, hana seli, hana kesi. Yeye ni mtalii aliyelipia chumba kama wengine. Anaweza kusema tu, na amesema.

WALIO NDANI YA KARNAK

Linnet na Simon wanajaribu kumpiga Jackie chenga. Wanadanganya kila mtu kuhusu ratiba yao, kisha wanapanda Karnak kimyakimya kuelekea Wadi Halfa, mpakani na Sudan. Meli inang'oa nanga. Jackie yuko ndani.

Pamoja nao wako hawa:

- Andrew Pennington, Mmarekani anayesimamia mali ya Linnet. Ameicheza kamari hiyo mali, na ndoa ya Linnet inamaanisha hesabu zitaangaliwa mapema. Amekuja na makaratasi ya kutia sahihi. Tatizo ni kwamba Linnet husoma kila karatasi.
- Fanthorp, wakili kijana aliyetumwa amchunge Pennington.
- Mama Otterbourne, mwandishi wa vitabu vya mahaba ambaye jina lake limeshuka, na binti yake Rosalie anayeficha kwamba mamake ni mlevi.
- Tim Allerton na mamake. Tim ana mchezo wa kubadilisha mikufu ya lulu halisi na bandia.
- Bibi Van Schuyler, tajiri mzee mwenye ugonjwa wa kuiba vitu vidogo, na binamu yake Cornelia anayemtumikia. Pia ana nesi wake, Bibi Bowers.
- Daktari Bessner, mwenye kliniki yake Ulaya.
- Ferguson, kijana anayetukana matajiri kila dakika, kumbe yeye mwenyewe ni wa ukoo wa mabwana.
- Richetti, anayejiita mwanaakiolojia. Kanali Race yuko melini akimtafuta mchochezi mmoja hatari, na ndiye huyo.
- Louise Bourget, kijakazi wa Linnet. Mkumbuke.

Hapo ndipo likizo inamsaidia mwandishi. Mtaani kwenu mtu akidanganya kuhusu yeye ni nani, jirani atamchoma. Ukiwa safarini unakutana na mtu akiwa na jina alilokupa na nguo alizobeba. Karibu kila mmoja ndani ya Karnak anaficha kitu, na muuaji anafichika kati ya hizo siri ndogondogo.

USIKU WENYEWE

Kabla ya huo usiku kuna tukio moja. Wakiwa kwenye hekalu la Abu Simbel, jiwe kubwa linaporomoka kutoka juu na kuwakosa Linnet na Simon kidogo tu. Kila mtu anamfikiria Jackie. Lakini Jackie wakati huo hakuwa huko juu.

Usiku, ukumbini, Jackie anakunywa. Anamrushia Simon maneno, anapandisha sauti, anatoa ile bastola na kufyatua. Simon anaanguka akishika mguu, kitambaa kinakuwa chekundu. Jackie anaangua kilio kama mtu aliyechizi. Simon anawaomba Fanthorp na Cornelia wampeleke Jackie chumbani na wasimwache peke yake. Nesi Bowers anakaa naye usiku kucha. Daktari anakuja kumshughulikia Simon, na kweli risasi imevunja mfupa. Wanaporudi kutafuta bastola, haipo.

Asubuhi Linnet anakutwa amekufa. Ukutani kuna herufi J iliyoandikwa kwa damu. Mkufu wake wa lulu umetoweka. Na Poirot, ambaye kwa kawaida hulala macho nusu wazi, usiku huo alilala kama gogo.

Jackie alikuwa na nesi. Simon mguu umevunjika. Wawili waliokuwa na sababu kubwa zaidi ndio pekee wasioweza kushukiwa.

ONYO: KUANZIA HAPA MTAMA UNAMWAGIKA

Kama unataka kusoma kitabu au kuona muvi bila kujua mwisho, ruka hadi sehemu inayosema "Agatha Christie na Misri".

Bado uko? Sawa.

NANI ALIUA?

Ni Simon. Na aliyepanga ni Jackie.

Hawakuwahi kuachana. Simon alitaka pesa za Linnet. Jackie aliona kwamba jamaa wake hana akili ya kufanya kitu kama hicho bila kushikwa, kwa hivyo akaingia yeye kupanga, ili asimpoteze. Simon aoe Linnet, Linnet afe, Simon arithi, muda upite, halafu warudiane. Ile safari yote ya kumfuata Linnet kutoka hoteli hadi hoteli ilikuwa mchezo wa kuigiza, na watazamaji walijileta wenyewe.

Risasi ya Jackie pale ukumbini haikumgusa Simon. Wekundu kwenye kitambaa ulikuwa wino. Wale wawili walipompeleka Jackie, Simon alibaki peke yake kwa dakika kama tano. Aliokota bastola, akakimbia upande wa pili wa meli, akamuua mke wake usingizini, akaandika J, akarudi. Kisha akajipiga mguu kikweli, bastola ikiwa imefunikwa na shali nzito ya Bibi Van Schuyler ili mlio usisikike. Alivyomaliza, aliifunga bastola kwa hiyo shali na kuitupa Nile. Poirot alikuwa ametiliwa dawa kwenye mvinyo wake wa jioni.

Jiwe la Abu Simbel? Hilo alilisukuma Pennington, kivyake. Lulu? Hizo ni shughuli za Bibi Van Schuyler na Tim. Ngori tatu tofauti kwenye meli moja, na Poirot lazima azitenganishe kabla hajafika kwenye ile kubwa.

KWA NINI MPANGO ULISHIKA

Wengi hudhani nguvu ya huu mpango ni ule wino na zile dakika tano. Hizo ni sehemu ndogo. Nguvu yake ilikuwa kwamba meli nzima ilishakubaliana kuhusu nani ni nani. Linnet ndiye aliyenyang'anya mwenzake bwana. Jackie ndiye aliyeachwa kwa mataa. Simon ni jamaa mpole aliyejipata katikati. Wakishaamini hivyo, kila walichoona kiliingia hapohapo. Jackie akipiga kelele, wanaona uchungu. Simon akianguka, wanaona mtu aliyepigwa risasi. Hakuna aliyeuliza mbona yeye mwenyewe ndiye aliyewafukuza watu wote chumbani.

Jackie alijua kitu kimoja kuhusu watu walio likizo: ukiwapa drama ya mapenzi, hawatauliza tiketi.

Lakini kitabu hakimgeuzi Jackie kuwa muigizaji mtupu. Kupenda kwake kulikuwa kwa kweli. Mara ya kwanza Poirot alipomwona kule London, alichosoma usoni mwake ndicho kilichokuja kuua watu 3. Alikosea kitu kimoja tu: alifikiri anamwonya mtu aliyeachwa, kumbe anamwonya mtu ambaye bado angeweza kuacha mpango. Maneno yalikuwa sahihi. Jackie aliyasikia, akayapima, akaendelea.

LOUISE, ALIYEONA KILA KITU

Turudi kwa kijakazi. Louise alikuwa nje ile saa na alimwona Simon akiingia kwa Linnet. Kesho yake anahojiwa na Poirot na Race kwenye chumba cha daktari, Simon akiwa amelala pale kitandani na mguu wake. Louise anajibu kwa njia ya ajabu. Hasemi ameona. Anasema kama angekosa usingizi, kama angepanda ngazi, basi labda angemwona huyo muuaji. Halafu anamtazama Simon, na Simon anamhakikishia kwamba ataangaliwa, asiwe na wasiwasi.

Unashika? Alikuwa anaomba hela, mbele ya wapelelezi wawili. Poirot anakuja kung'amua baadaye kwamba angetaka kumtisha mtu mwingine yeyote, angemfuata faraghani. Mtu pekee ambaye hangeweza kumfikia faraghani ni mgonjwa aliyewekwa kwa chumba cha daktari.

Louise anauawa na Jackie kwa kisu cha daktari, kipande cha noti kikiwa bado mkononi mwake. Mama Otterbourne anamwona Jackie akiingia kwa Louise, anakimbia kuripoti, na kabla hajataja jina anapigwa risasi kutoka mlangoni. Simon alikuwa ameinua sauti ghafla, na hiyo ilikuwa ishara ya kumwita Jackie.

Ukihesabu, Louise ndiye aliyekuwa na jibu la kesi nzima tangu saa ya kwanza. Alikuwa na siri kubwa na mshahara mdogo, na alijua akiitoa bure itasifiwa kazi ya Poirot. Aliamua kuiuza. Christie hamtetei, anamchora kama mroho. Msomaji wa leo anaweza kumwona vingine.

MWISHO WAKE

Poirot anawakamata. Lakini meli ikifika na abiria wakishuka, Jackie anatoa bastola ya pili aliyoificha, anampiga Simon, kisha anajipiga mwenyewe. Poirot alijua ana hiyo bastola. Alimwacha aondoke kwa njia yake badala ya kunyongwa.

Watu hubishana hadi leo kama alifanya vizuri. Ila huwezi kusema mwisho huu ni wa shangwe. Poirot amepata jibu la kila swali, na watu 5 wamekufa kwenye likizo aliyokuja kupumzika.

AGATHA CHRISTIE NA MISRI

Christie hakuandika Misri kutoka kwa ramani. Alikaa Cairo na mamake akiwa binti kabla ya Vita vya Kwanza, na 1933 alirudi akapanda Nile kwa meli, akiwa na mume wake wa pili, mwanaakiolojia Max Mallowan. Meli yake ilikuwa SS Sudan, iliyojengwa 1921 kwa kampuni ya Thomas Cook. Bado inabeba watalii. Hoteli ya Old Cataract pale Aswan, iliyofunguliwa 1899, nayo bado ipo.

Kuhusu kuachwa hadharani, hakuhitaji kufundishwa. Mwaka 1926 mume wake wa kwanza, Archie, alimwambia anataka talaka kwa sababu amependa mwanamke mwingine, Nancy Neele. Desemba hiyo Christie alitoweka. Polisi na raia walimsaka kwa siku 11, magazeti yakauza kila siku, na akapatikana hotelini huko Harrogate akiwa amejiandikisha kwa jina la Neele. Uchungu wake ulikuwa burudani ya nchi nzima. Waliachana 1928, na hakupenda kulizungumzia tena jambo hilo. Miaka 11 baada ya Harrogate akatoa kitabu ambamo hoteli nzima inamtazama mwanamke aliyeachwa na kula udaku wake.

Ila kuna watu hawaonekani kwenye hicho kitabu, nao ni Wamisri. Mabaharia wa Karnak karibu hawana majina, na watoto wanaouza vitu barabarani wanaelezwa kama usumbufu. Ni Misri ya mwaka 1937: huru kwa karatasi tangu 1922, huku jeshi la Uingereza likiwa bado ndani. Ukikisoma leo utaliona hilo haraka.

Na ile njia ya Karnak haipo tena. Bwawa kuu la Aswan lilijengwa kati ya 1960 na 1970, Ziwa Nasser likafunika bonde lote hadi Wadi Halfa ya zamani. Hekalu la Abu Simbel lilikatwa vipande likahamishiwa juu kati ya 1964 na 1968 ili lisizame. Kwa taarifa yako, sehemu ya maji ya huo mto imepita kwetu. Nzoia na Yala zinamwagika Ziwa Victoria, na Nile Nyeupe inatokea ziwa hilo pale Jinja, Uganda.

MUVI: UANGALIE GANI?

1978. Imeongozwa na John Guillermin, Poirot ni Peter Ustinov. Ndani wako Bette Davis, Maggie Smith, Angela Lansbury na David Niven, huku Mia Farrow akiwa Jackie. Ilipigwa Misri kweli, na ikashinda Oscar ya mavazi. Ni ndefu na haina haraka, lakini joto unalihisi.

2004. Hii ni ya TV, David Suchet akiwa Poirot na Emily Blunt, kabla hajawa staa, akiwa Linnet. Pia walienda Misri, na meli waliyotumia ni ile Sudan yenyewe. Kama unataka inayokaribia kitabu, ni hii.

2022. Ya Kenneth Branagh, anayeongoza na kucheza Poirot. Gal Gadot ni Linnet, Armie Hammer ni Simon, na Emma Mackey wa Sex Education ni Jackie. Letitia Wright, yule Shuri wa Black Panther, ni Rosalie, na Sophie Okonedo anamgeuza Mama Otterbourne kuwa mwimbaji wa blues. Ilicheleweshwa mara kadhaa na korona, ikatoka Februari 2022, na ikazuiwa Kuwait na Lebanon kwa sababu Gadot aliwahi kuwa mwanajeshi wa Israeli. Misri unayoona humo sehemu kubwa ilijengwa studio Uingereza na kwa kompyuta. Imeongeza historia ya masharubu ya Poirot, na imebadilisha mtu wa tatu anayekufa, kwa hivyo hata kama umesoma kitabu kuna mahali utashtuka.

KAMA UMEIPENDA, KUNA LIKIZO ZINGINE ZILIZOHARIBIKA

- Peril at End House (1932): Poirot yuko pwani ya Cornwall kupumzika, manzi mmoja anaponea kifo mara kadhaa.
- Appointment with Death (1938): familia ya watalii Jerusalem na Petra, na mama katili ambaye kila mtoto wake ana sababu ya kumtaka afe.
- Evil Under the Sun (1941): hoteli ya kisiwani Uingereza, mwigizaji mrembo anakutwa amenyongwa ufuoni. Kama ulipenda jinsi Death on the Nile inavyochezea macho ya watalii, soma hii ya pili.
- A Caribbean Mystery (1964): hii ni ya Bibi Marple, ajuza aliyetumwa Karibi na mpwa wake apate nafuu, akakuta mzee mmoja amekufa mara tu baada ya kutaka kumwonyesha picha ya muuaji.

UANZIE WAPI?

Kama hujui mwisho, soma kitabu kwanza. Sura za mwanzo zitakuonyesha watu wengi haraka na utachanganyikiwa kidogo. Vumilia hadi Aswan. Pale hotelini, tulia kwenye ile sehemu Poirot anabonga na Jackie usiku, isome polepole. Kama mtama ulishamwagiwa hapo juu, basi anza na ya 2004, halafu rudi kitabuni. Safari hii usimwangalie Jackie wakati anapiga kelele. Mwangalie Simon, na uone ni mara ngapi anasema kitu ambacho kila mtu anakipita.